Kichwa Changu na Daftari la Kurasa 48

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mpenzi msomaji, huenda wewe umewahi kuumwa na kichwa, ukameza kidonge, ukajilaza kidogo na kesho yake ukasahau kabisa. Ikiwa ni hivyo, mshukuru Mola wako, lakini usifunge jarida. Humu humu shuleni tuna wenzako ambao kichwa kwao si jambo la kusahau. Mimi ni mmoja wao. Majuzi mhariri wa jarida letu aliniuliza mbona siku hizi sionekani nimelala kwenye stoo ya vitabu kama mwaka jana. Nilianza kumweleza, kengele ya Kemia ikalia. Jibu lenyewe ni refu, kwa hivyo nimeona heri niliandike lote, pengine litamfaa mtu.

Ugonjwa wangu unaitwa kipandauso. Nyanya yangu ndiye aliyenitajia jina hili kabla ya daktari yeyote, nami nalipenda kwa kuwa linasema kweli: maumivu yenyewe hupanda. Huanzia kwenye kisogo, yakakwea polepole upande mmoja wa kichwa, hatimaye yakaketi juu ya jicho kama mtu aliyefika kwake. Hapo hushika nyundo na kuanza kupiga, kila pigo sambamba na pigo la moyo. Kichwa cha kawaida hubana kama kofia ndogo, na mwenye nacho aweza kuendelea kufua nguo huku akinung'unika. Kipandauso hakikuachi ufue. Ukiinama kufunga kamba za viatu chazidi, ukipanda ngazi chazidi. Tumbo huchafuka, mate hujaa mdomoni na mara nyingi hutapika. Mwanga hugeuka kuwa adui. Sauti ya kiti kikiburutwa sakafuni hupenya masikioni kama msumari. Kwa mtu mzima shambulio moja lisipotibiwa laweza kudumu saa 4 hadi siku 3, na kwa watoto na vijana laweza kuwa fupi kidogo.

Baadhi yetu hutanguliwa na onyo. Mimi huona mstari wa mwanga wenye meno kama msumeno, unaometameta pembeni mwa jicho, kisha unatanuka taratibu na kumeza herufi ubaoni. Mwalimu ameandika "mitochondria" nami naona "mito" tu, nyingine zimekwenda na maji. Siku ya kwanza nilidhani napofuka, nikashika dawati kwa mikono miwili. Baada ya kama dakika 20 mwanga huondoka, nikaona vizuri kabisa. Mtu asiyejua atasema, alhamdulillahi, yamekwisha. Kumbe hapo ndipo mwenye nyundo anakunja mikono ya shati.

Tulianza kutafuta tiba nilipokuwa Kidato cha Kwanza. Sisi tunaishi nje kidogo ya mji wa Voi, upande wa mashamba ya mkonge, na kwetu mtu akilalamika kichwa jibu la kwanza ni malaria. Muuza dawa mmoja alinipa dozi ya malaria mara mbili bila hata kunitoa tone la damu. Mara ya tatu Mama alinipeleka zahanati, nikapimwa, hakuna malaria. Nikapimwa taifodi. Tukaambiwa labda ni macho, basi Mama akauza mbuzi mmoja tukanunua miwani. Miwani ilinisaidia kusoma ubao kutoka nyuma, sikatai, lakini kichwa kiliendelea na kazi yake kama kawaida.

Huku nyuma watu nao hawakunyamaza. Mama mmoja jirani alisema ni majini ya baharini yaliyokosa njia, ati yamefika bara yakachoka. Huyo nilimcheka kimoyomoyo. Ambao sikuweza kuwacheka ni wale waliosema kwamba msichana wa rika langu anayetapika asubuhi ana jambo jingine analolificha. Wasomaji wa kike wananielewa bila mimi kumalizia sentensi. Maneno hayo yalimfikia Mama sokoni. Hakuniuliza neno, lakini wiki ile nzima aliniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau hadi leo, na tulipokwenda zahanati akanong'ona na muuguzi, nikapewa kikopo nikajaze. Majibu yalipotoka hayana kitu, Mama alininunulia soda. Tulikunywa kimya kimya pale nje chini ya mwarobaini.

Nataka niseme wazi kwamba katika miaka hiyo yote tiba iliyonipa nafuu ni ya Nyanya. Alikuwa akinilaza chumba chenye giza, anafunika dirisha kwa gunia, ananifunga leso kichwani ikabana sawasawa, kisha analoweka kitambaa kwenye maji ya mtungi na kukiweka juu ya jicho. "Lala mjukuu wangu, usijibu mtu," alikuwa akisema, na mwenyewe akikaa mlangoni kufukuza watoto na kuku. Baadaye nilipomsimulia daktari, alitikisa kichwa kwa kukubali na kusema giza, utulivu, ubaridi na usingizi ni sehemu ya tiba. Nyanya alipoambiwa hivyo alisema, "Sasa walikuwa wanasomea nini miaka yote hiyo?"

Shuleni nako kulikuwa na mtihani wake. Shule yetu ni ya kutwa, haina chumba cha wagonjwa wala muuguzi. Ukiumwa, ama unaomba ruhusa uende nyumbani kilomita 5 juani, na jua la Voi mnalijua, ama unalala stoo ya vitabu juu ya masanduku. Mwalimu mmoja wa zamu alichoka kuniona pale. Siku moja alisema mbele ya darasa zima: "Kichwa cha huyu kina ratiba. Kinauma siku za Hisabati tu." Darasa lilicheka hadi vumbi likaanguka darini. Mimi machozi yalinitoka, si kwa sababu ya kichwa. Naomba mlikumbuke neno lile, ratiba, kwa sababu tutalirudia.

Mwaka jana, muhula wa tatu, Mama alikata shauri. Aliacha kazi siku nzima tukaenda hospitali kubwa, tukapanga foleni tangu saa moja asubuhi. Aliyetuona alikuwa afisa wa kliniki, mwanamke, ambaye sisi sote twamwita daktari. Nilitarajia mashine. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kuingizwa kwenye ile mashine ya kupiga picha za kichwa. Badala yake alivuta kiti, akauliza maswali karibu nusu saa. Kinauma upande gani? Kinapiga au kinabana? Ukitembea kinazidi? Unataka giza? Ulianza lini siku zako za mwezi? Nani mwingine nyumbani ana kichwa? Hapo Mama akajibu, "Shangazi yake. Dada ya babake. Huyo amezaliwa nacho." Daktari akaandika kitu na kukipigia mstari.

Kisha alinipima presha, akanimulika macho kwa tochi, akainamisha shingo yangu, akaniambia nitembee juu ya mstari wa sakafu kama askari na nishike pua yangu nikiwa nimefumba macho. Kila kitu kilikuwa sawa. Akatueleza kwamba hakuna picha wala kipimo cha damu kinachoonyesha kipandauso, kinatambuliwa kwa historia ya mgonjwa. Picha wanaitumia wakishuku jambo jingine. Mambo hayo aliyataja nami niliyaandika, kwa kuwa yanahitaji mtu kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo: kichwa kinacholipuka ghafla kuliko vyote ulivyowahi kuumwa, kichwa chenye homa na shingo ngumu, kichwa kinachofuata kugonga au kuanguka, kifafa, kuchanganyikiwa, au mkono au mguu kulegea. Ukiona hayo kwa mwenzako usimlaze stoo ya vitabu.

Nilipomuuliza nini hasa kinatokea ndani, alisema nimwulize mwalimu wangu, foleni ni ndefu. Mwalimu wetu wa Bayolojia alifurahi mno kuulizwa. Somo la neva ni la Kidato cha Nne, lakini alinichorea nyuma ya karatasi ya majaribio. Ubongo wenyewe, alisema, hauhisi maumivu hata ukichomwa sindano. Kinachohisi ni utando unaoufunika pamoja na mishipa ya damu iliyo kwenye utando huo, na habari za maumivu yake hubebwa na neva kubwa ya uso, ile ya tano. Kwa mwenye kipandauso neva hizi huamka upesi kuliko za watu wengine, na zikishaamka humwaga kemikali zinazozidi kuziamsha. Ule mwanga wa msumeno nao ni wimbi linalotambaa taratibu juu ya gamba la ubongo, sehemu ya nyuma inayohusika na kuona. Ndiyo maana hata nikifumba macho bado nauona. Ubongo wa namna hii mtu huzaliwa nao. Haupendi mabadiliko: njaa, kiu, usingizi mdogo au uliopitiliza, mabadiliko ya homoni, jua kali. Nilipotoka pale ofisini nilijihisi mwepesi, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa na ugonjwa wenye mchoro.

Turudi hospitalini. Nilidhani daktari ataandika dawa kali yenye jina refu. Aliandika dawa mbili za kawaida, kisha akamwambia Mama aninunulie daftari la kurasa 48. Kila siku, niwe mzima niwe mgonjwa, niandike nililala saa ngapi, niliamka saa ngapi, nilikula nini na saa ngapi, maji vikombe vingapi, siku za mwezi, na kama kichwa kimekuja, kilianza saa ngapi, nilimeza nini saa ngapi, na kikaisha lini. "Usiniletee hadithi," alisema. "Niletee daftari."

Nililijaza wiki 11, likizo fupi ya katikati ya muhula ikiwemo. Siku 77. Katika siku hizo kipandauso kilinijia mara 14, na nilipoketi kuzipanga tarehe nikaona mara 9 zimeangukia Jumanne au Alhamisi. Msomaji, unakumbuka ile ratiba? Yule mwalimu wa zamu alisema kweli bila kujua. Jumanne na Alhamisi darasa letu lilikuwa na kipindi cha ziada cha Hisabati kabla ya paredi. Sisi wa upande wa mkonge hutembea alfajiri kwa makundi kwa sababu ya ndovu wanaotoka mbugani Tsavo, na siku hizo mbili kundi langu liliondoka saa kumi na moja kamili. Saa hiyo jiko halijawashwa. Kwa hivyo siku hizo niliamka mapema zaidi, nikaondoka bila chai, na chakula cha kwanza kuingia tumboni kilikuwa cha saa saba mchana. Hisabati haikuwa na hatia yoyote.

Nilimpelekea mwalimu wa Hisabati, yule wa kweli anayetufundisha, ambaye hakuwahi kunicheka. Alilipitia daftari kwa miwani yake puani kisha akasema, "Vizuri. Umehesabu siku ulizougua. Sasa nihesabie siku ulizokosa chai zote, zile ulizougua na zile hukuugua." Nikahesabu. Siku za kukosa chai zilikuwa 21, na kati yake niliugua 9. Siku nilizokunywa chai zilikuwa 56, na kati yake niliugua 5. Alinifanya nizipige kwa asilimia ubaoni wakati wa mapumziko: 43 kwa upande mmoja, 9 kwa upande wa pili. Akatabasamu. Lakini kwa vile yeye ni mtu wa Hisabati hakuniacha hivyo. Aliniambia sijathibitisha kama ni kukosa chai au ni kukosa usingizi, kwa sababu vyote viwili vilikuja pamoja siku zile zile. Hadi leo tunabishana. Daktari yeye alisema tubadilishe vyote viwili, mwenye kichwa hahitaji kumaliza ubishi ndipo apone.

Yale mara 5 yaliyobaki, 3 yalikuja siku moja au mbili kabla ya siku zangu za mwezi kuanza. Sisi wa Kidato cha Tatu tumesoma uzazi, tunajua kwamba wakati huo homoni ya estrojeni hushuka. Huko kushuka ndiko ubongo wangu haukutaki. Moja lilikuja baada ya mashindano ya riadha ya kaunti ndogo, juani bila kofia. La mwisho halina sababu yoyote niliyoiona. Lilikuja tu Jumapili nikiwa nimekula, nimelala na nimekunywa maji.

Kuhusu dawa, hapa ndipo naomba msomaji asome pole pole. Daktari alinipa dawa ya maumivu, ibuprofeni, kwa kipimo cha mwili wangu, na kidonge cha kuzuia kutapika. Dawa zenyewe mnazijua. Jipya lilikuwa saa ya kumeza. Nyumbani na shuleni tumelelewa kuvumilia: jikaze, kikizidi ndipo umeze. Alisema kwa kipandauso desturi hiyo hupoteza dawa bure. Shambulio likishashika kasi, tumbo hupunguza mwendo wake wa kusukuma vitu, na kidonge hukaa mle mle kama abiria aliyekosa matatu. Kinatakiwa kimezwe mapema maumivu yanapoanza, pamoja na chakula kidogo na maji mengi. Katika daftari langu tofauti ilionekana waziwazi. Nikimeza katika nusu saa ya kwanza, mara nyingi baada ya saa mbili narudi darasani. Nikimeza baada ya kipindi cha tatu, siku hiyo imekwenda. Ibuprofeni haimfai kila mtu, hasa mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na baadhi ya wenye pumu, kwa hivyo usinywe kwa sababu umesoma kwangu. Aspirini nayo haipewi aliye chini ya miaka 16 ila kwa amri ya daktari.

Halafu akaweka mpaka: si zaidi ya siku mbili kwa wiki. Mama alishangaa. "Na kikiuma siku ya tatu?" Daktari akauliza shangazi yangu yeye anameza mara ngapi.

Shangazi ni muuza mboga katika soko la Voi. Tangu niwe na akili zangu namjua ana pakiti ya vidonge ndani ya leso, pale anapofunga pesa. Vidonge vyenyewe ni vile vya dukani vya mchanganyiko, aspirini, parasetamoli na kafeini pamoja. Alikuwa akimeza viwili alfajiri kabla hata kichwa hakijauma, ati kukitangulia, na viwili tena jioni. Kila siku. Alifanya hivyo miaka, na kila mwaka kichwa kilizidi. Zamani kilikuja mara moja au mbili kwa mwezi, sasa kilikuwa hakitoki kabisa, na yeye aliona dawa haina nguvu tena kwa hiyo aongeze.

Kumbe dawa yenyewe ndiyo ilikuwa inakilisha kichwa. Sikuamini nilipoambiwa, lakini ni jambo linalojulikana vizuri. Mtu mwenye kipandauso akimeza vidonge vya kawaida vya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, aweza kupata kichwa kingine cha kila siku kinachosababishwa na vidonge hivyo. Kwa vile vya mchanganyiko mpaka ni siku 10 tu. Shangazi alikuwa anameza siku 30.

Tulimpeleka yeye pia. Aliambiwa aache. Wiki mbili za kwanza zilikuwa moto. Alitapika, hakulala, alimfokea kila mtu, meza yake sokoni ikakaa tupu, na mimi ndiye niliyetumwa kulala kwake na kumfunga leso kichwani kama Nyanya alivyonifunga mimi. Usiku wa tano aliniomba nikamletee pakiti kwa jirani. "Mwanangu, viwili tu." Nilimwambia jirani amelala. Jirani hakuwa amelala, taa yake ilikuwa inawaka, na sote wawili tuliiona. Shangazi aliiangalia ile taa kwa muda mrefu, kisha akageukia ukutani. Mwezi wa pili ulipofika katikati, asubuhi moja alikaa kitandani akasema, "Leo hakipo." Alisema kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeogopa kukiamsha. Sasa humjia mara nne au tano kwa mwezi. Bado ni nyingi, lakini kati yake kuna siku nzima nzima ambazo ni zake.

Wengine wataniuliza kwa nini nisipewe dawa ya kuzuia, imezwe kila siku ili kichwa kisije. Dawa hizo zipo. Propranololi ni mojawapo, ingawa mwenye pumu hapewi, na amitriptilini humezwa usiku kwa kiasi kidogo. Mwalimu wa Bayolojia alinichapishia kurasa kuhusu utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka wa 2017, uliowahusu vijana wa miaka 8 hadi 17. Kundi moja lilipewa amitriptilini, la pili topirameti, na la tatu vidonge visivyo na dawa yoyote ndani. Katika kila kundi zaidi ya nusu ya vijana siku zao za kuumwa zilipungua kwa nusu au zaidi, na wale wa vidonge vitupu hawakuwa nyuma ya wenzao. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Nilisoma mara mbili nikacheka peke yangu, nikamwonyesha daktari. Alisema ndiyo sababu hakukimbilia dawa hizo kwangu, ingawa kwa watu wazima zimewasaidia wengi, na hata kijana akizidiwa hupewa. Kuna pia dawa za jamii ya sumatriptani zilizotengenezwa hasa kwa kipandauso. Katika mji mkubwa zinapatikana. Bei yake tuliiuliza, tukashukuru, tukatoka.

Basi mabadiliko yaliyoniondoa stoo ya vitabu ni ya kawaida kabisa, nami nawaomba radhi waliotarajia muujiza. Usiku uliotangulia Jumanne na Alhamisi Mama huchemsha viazi vitamu au muhogo, nafunga kwenye karatasi na kula njiani, huku nikiangalia ndovu kwa jicho moja. Nalala saa tatu na nusu hata kama zoezi halijaisha, na Jumamosi naamka saa ile ile ya kila siku, jambo ambalo ndugu zangu wanaliona ni wazimu. Nina chupa ya maji ya lita moja na lazima irudi nyumbani tupu. Mwalimu wa darasa amenihamisha kutoka dirishani. Vidonge vyangu viwili naruhusiwa kukaa navyo mfukoni na kumeza bila kungoja ruhusa, na hili lilihitaji barua ya daktari pamoja na Mama kufika ofisini akiwa amevaa ile kanga yake ya shughuli. Kofia ndiyo iliyoleta mjadala, kwa kuwa si sehemu ya sare. Nilikubaliwa niivae uwanjani pekee, iwe ya rangi ya samawati. Walioniita "mtalii" wiki ya kwanza, wawili kati yao wameshaniomba niwaazime.

Muhula huu, hadi naandika makala haya, ni wiki 10. Kipandauso kimenijia mara 5, na kati ya hizo nimelala stoo mara moja. Hiyo moja ilikuwa mbaya, ya kabla ya siku za mwezi, na iliangukia karatasi ya Insha. Niliandika aya mbili, ule msumeno ukaja, nikamwonyesha msimamizi barua na kumeza dawa, nikalaza kichwa dawatini dakika 40 huku wenzangu wakiandika. Niliamka nikamaliza kwa hati mbaya sana. Nilipata 21 kwa 40, ambayo kwangu ni aibu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili! Lakini mwaka jana ningepata sufuri.

Kichwa cha kabla ya siku za mwezi bado hatujakipatia dawa. Daktari anataka aone miezi mitatu zaidi ya daftari, kisha tuzungumze juu ya dawa ya kumeza siku hizo chache tu. Tarehe tumepewa, ni likizo ya Agosti, siku moja na Shangazi. Tutapanda matatu pamoja. Yeye kusoma na kuandika kunampa taabu, kwa hivyo ameninunulia daftari la pili na kalamu nyekundu, na kila jioni akifunga meza yake sokoni napita kumwandikia.